Pangaboi Ndogo ya Mbao: Kutafuta Asili ya Kitu cha Urithi

Mwaka wa jubilei ni mwaka wa kufungua makasha. Pamoja na vyeti vya ubatizo na picha za wazee waliotangulia, huweza kuonekana vitu ambavyo aliyevirithi hawezi kuvieleza. Kimojawapo ni pangaboi ndogo ya mbao, yaani rafadha ya ndege iliyochongwa kwa kipimo cha kushikika mkononi.

Jambo linalosemwa kwanza kuhusu kitu cha namna hiyo ni kwamba babu alikileta kutoka vitani. Kauli hiyo ina heshima yake. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua watu wengi wa Usukuma na Unyamwezi kuwa wapagazi, na katika Afrika Mashariki makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao. Hata hivyo, heshima haishiki nafasi ya ushahidi.

Ni kweli kwamba ndege zilikuwako katika vita hivyo. Mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai marubani waliongoza mizinga ya meli Severn na Mersey mpaka manowari hiyo ikaangamia. Mwaka 1916 kikosi namba 26 cha ndege za Uingereza kilianzia Mbuyuni, nchini Kenya, na mwaka huohuo ndege za majini za Wabelgiji zilishambulia Kigoma kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Pangaboi za ndege hizo zilikuwa za mbao, na zilipovunjika hazikuwa takataka. Katika nchi nyingi askari na mafundi walizichonga upya kuwa fremu za saa, fimbo na vikumbusho vidogo.

Lakini asili nyingine zapaswa kufikiriwa. Baadhi ya ndege za zamani zilikuwa na pangaboi ndogo halisi, ambazo zilizungushwa na upepo wa safari ili kuendesha pampu ya mafuta au kuzalisha umeme. Aidha, Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari za barua kutoka London hadi Mwanza, na ndege zikawa jambo la kutazamwa kando ya Ziwa Victoria. Hatimaye, shule za ufundi za misheni zilifundisha useremala, na mwanafunzi hodari aliweza kuchonga kile alichokiona angani.

Katoro ni mji wa dhahabu, na mnunuzi wa dhahabu haridhiki kwa macho pekee. Vivyo hivyo kitu hiki kinapaswa kupimwa. Kwanza huangaliwa mbao: mistari ya gundi yaonyesha tabaka zilizounganishwa, kama ilivyokuwa desturi ya pangaboi halisi, ilhali kipande kimoja chaelekeza kwa mchongaji. Pili, kitovu: tundu la katikati lililozungukwa na matundu ya skrubu, pamoja na alama ya kuchakaa, hudokeza kwamba kiliwahi kufungwa kwenye mtambo. Tatu, namba na herufi zilizogongwa, kwa kuwa viwanda viliandika vipimo na namba za michoro kwenye kitovu. Nne, aina ya mti: mjozi na mkangazi vilipendwa na viwanda, lakini mninga ungeelekeza kwa fundi wa hapa nchini.

Hapana budi kuonya kwamba kukipiga msasa au kukipaka vanishi upya ni kufuta maandishi yake. Aidha, sifa ya vita hupandisha bei, na mnunuzi apitaye hana haja na jina la babu.

Wala ikibainika kwamba kitu hicho hakikutoka vitani, familia haijapungukiwa. Mpagazi aliyerudi na kipande cha mbao na seremala aliyekichonga kijijini wote wanastahili kukumbukwa, kila mmoja kwa kazi yake. Kumpa mmoja sifa ya mwenzake ni kumsahau mmoja wao. Kwa hiyo, kabla ya kitu kupimwa, maneno ya mzee aliyekitunza yaandikwe kama alivyoyasema, pamoja na jina lake na tarehe. Mbao yaweza kungoja miaka mia nyingine, mzee hawezi.