Figo Iliyopandikizwa: Ni Virusi, au Mwili Umeikataa?

Mwaka 1971 jarida la tiba la Lancet la Uingereza lilitangaza virusi vipya vilivyopatikana London, katika mkojo wa mgonjwa kutoka Sudan aliyekuwa amepandikizwa figo. Sylvia Gardner na wenzake waliviita BK, kwa herufi za mwanzo za majina ya mgonjwa huyo. Kwa zaidi ya miaka 20 havikuwasumbua sana madaktari.

Hofu yao kubwa ilikuwa mwili kuikataa figo. Desemba 1954, Joseph Murray na wenzake walifanikiwa kupandikiza figo mjini Boston kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana. Asiye na pacha alihitaji dawa za kushusha kinga ya mwili. Azathioprini ilikuja miaka ya 1960, sayklosporini miaka ya 1980, kisha takrolimasi na maikofenoleti katikati ya miaka ya 1990. Kadiri dawa zilivyopata nguvu, figo zilizokataliwa zilipungua. Lakini BK, ambavyo watu wengi huvipata utotoni vikabaki vimelala ndani ya figo, navyo vikapata mwanya wa kuamka.

Hapo utata ukaanza. Kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, ikipanda, daktari hutumia sindano maalumu kutoa vipande vyembamba vya nyama ya figo. Darubini huonyesha chembe nyeupe za damu zikivamia kuta za mirija midogo. Ndivyo inavyokuwa mwili unapoikataa figo, na ndivyo inavyokuwa BK vinapoishambulia. Tiba zake, hata hivyo, zinapingana: figo ikikataliwa, kinga hushushwa zaidi, mara nyingi kwa steroidi; virusi vikiwa ndivyo chanzo, dawa hupunguzwa ili kinga ipate nguvu. Kukosea hapo kunaweza kuimaliza figo.

Mwaka 1991 wataalamu walikutana Banff, Kanada, wakaweka utaratibu wa kuupa uvamizi huo alama kuanzia 0 hadi 3. Alama hueleza ukubwa wa uharibifu, hazimtaji mharibifu. Ili kumbaini, maabara hutumia rangi inayotambua protini ya SV40, virusi vya kima vilivyo na undugu na BK. Viini vya seli vikishika rangi, BK vipo. Damu nayo hupimwa kwa PCR kujua wingi wa virusi. Na kwa kuwa BK hushambulia hapa vikaacha pale, kipande kimoja chaweza kuvikosa. Hushauriwa vichukuliwe viwili, kimoja kikifika sehemu ya ndani ya figo.

Upandikizaji sasa unafanywa pia Tanzania. Awali Watanzania wengi waliohitaji figo walikwenda India. Novemba 2017 Hospitali ya Muhimbili ikafanya upandikizaji wake wa kwanza ikishirikiana na wataalamu wa India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa msaada wa Wajapani. Kwa mkazi wa Olmotonyi, miteremkoni mwa Mlima Meru, safari hiyo sasa ni ya basi.

Ila figo iliyopandikizwa huishi na mgonjwa nyumbani kwa miaka, na BK kwa kawaida haviji na homa wala maumivu. Vipimo ndivyo huvifichua. Kwa hiyo, uliyepandikizwa figo, usikose kliniki hata ukijisikia mzima, na usipunguze wala kuongeza dawa kabla daktari wako hajajua chanzo cha tatizo.