Mabinti wa Kasri na Riwaya Ambayo Haijaandikwa

Ukipitia vitabu vya inama pale taon hutakosa ile riwaya: jalada lina mwanamke wa koti la manyoya, theluji, na treni inayoondoka. Ni binti wa mwinyi wa Urusi, mwaka ni 1917, na Wabolshevik wako mlangoni. Nimesoma kadhaa hapa Mountain View, nyingine ndani ya matatu, Waiyaki Way ikiwa imekwama kabisa. Hazinichoshi. Tena mengi humo yalitokea kweli. Mabinti wa mfalme Nicholas walishonea almasi ndani ya nguo zao kabla ya kuuawa Yekaterinburg, Julai 1918. Binamu yake, Maria Pavlovna, aliishia Paris akiendesha karakana ya kutarizi na kumuuzia Chanel kazi zake.

Sasa, si hata sisi tulikuwa na yetu? Karibu tu hapa.

Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yalizuka Unguja. Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyekikalia kiti tangu Julai 1963, alihepa na familia yake kwa meli ya kifalme, Seyyid Khalifa. Walielekea Mombasa. Kumbuka kwamba ukanda wa maili kumi wa pwani yetu ulikuwa wa Sultani kisheria hadi makubaliano ya Oktoba 1963, na bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus. Miezi mitatu baadaye, Kenya yenye uhuru wa mwezi mmoja ikawakatalia kushuka. Wakaendelea hadi Dar es Salaam, kisha wakapanda ndege kwenda Uingereza.

Historia inamtaja Jamshid. Wanawake waliokuwa melini wanaitwa "familia", basi.

Mmoja wa ukoo huo alijiandika, ila zamani: Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa 1844. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa ngamia. Akatoroka Unguja 1866 akiwa na mimba ya Mjerumani, mumewe akafa kwa ajali ya tramu Hamburg 1870, akabaki ugenini na watoto watatu. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani 1886. Lakini anayenishika zaidi ni mama yake, Jilfidan, Mcherkesi wa Kaukazi aliyetekwa utotoni na kuishia kuwa suria wa sultani. Nchi ya watu wake ndiyo ile majeshi ya Urusi yalimaliza kuimeza 1864. Yaani binti wa kasri alizaliwa na mateka. Zile riwaya za manyoya haziwezi kubeba jambo kama hilo. Humo mtumishi huleta chai na kutoweka.

Adam Shafi alifanya kinyume. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) anayetushika mkono ni Kijakazi, mtumishi mwenye uaminifu unaoumiza kusoma. Ni haki kuanzia kwake. Mikarafuu ile ilimea kwa jasho la watu kama yeye, na anayelisahau hilo anaandika porojo za udi na uvumba.

Ila mapinduzi hayakuishia kwa wenye makasri. Mwaka 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na jamaa zao waliopinga wakakamatwa. Hao hawakuwa mabinti wa sultani. Walikuwa watoto wa mtaani tu, na utawala ulisema ndoa hizo ni za kuleta usawa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina mhadhiri wa kuniambia mada hii ni nyeti. Ningeanzia bandarini Mombasa, Januari ile, jua kali, meli imesimama na jibu halijaja. Sitti mmoja anatazama Fort Jesus. Kando yake yuko mwanamke aliyempikia miaka yote, naye anajiuliza kama akiomba kushuka peke yake, watamruhusu.