Jua la utosi na uso uliopotea

Wadau, juzi nilirudi ofisini na picha ya mama muuza samaki niliyoipiga saa saba mchana. Jua lilikuwa la utosi. Ndoo yake nyeupe iling'aa kama bati jipya, lakini uso ulikuwa giza tupu. Mhariri akasema, "Mwangaze usoni kidogo." Nikaingia kwenye kompyuta, macho yakaonekana. Nikabaki na swali: nimerekebisha au nimedanganya?

Nikaanza kuchimba. Kumbe ujanja huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Enzi za filamu, fundi akiwa ndani ya chumba cha giza alikinga mwanga kwa kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa kwenye waya. Sehemu iliyokingwa ilitoka nyeupe zaidi, iliyoongezewa mwanga ilitoka nyeusi zaidi. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941. Kwa miaka mingi aliendelea kuichapa upya, na anga ikazidi kuwa nyeusi.

Photoshop ilipoingia sokoni mwaka 1990, kazi ya chumba cha giza ilihamia kwenye kioo. Hata alama za zana zake ni zile zile: kijiti chenye kiduara na mkono uliokunjwa. Mwaka 2003 toleo la CS likaleta amri ya kuinua vivuli na kupunguza mng'ao kwa pamoja.

Lakini zana inayoangaza ndiyo inayotia giza. Juni 1994, O.J. Simpson alipokamatwa, magazeti mawili ya Marekani yalitumia picha ile ile ya polisi kwenye jalada. Newsweek waliiacha ilivyo. Time waliitia giza, na ngozi ya mtuhumiwa ikawa nyeusi zaidi. Lawama zikawa nyingi: mtu hajafika mahakamani, jalada limeshamhukumu.

Hapo nikapata jibu langu. Uso wa yule mama niliuona kwa macho yangu. Kamera ndiyo iliyoshindwa. Nimerudisha kilichokuwepo. Ile ndoo sikuigusa, maana palipoungua na mwanga hapana cha kurudisha, ukijaza unatunga.

Au nyie mnasemaje?