Sahani ya Ikutha imejaa wageni

Wacha niseme kitu ambacho kinaweza kunitoa kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia: muthokoi si chakula cha mababu. Sawa, ni cha mababu, lakini si wale mababu wa kale unaowafikiria. Mahindi yaliyo ndani yake asili yake ni Mexico. Ukiyapika na maharagwe, mambo yanazidi, kwa sababu maharagwe nayo yalitoka Amerika. Sufuria nzima ni ya wahamiaji, imekaa juu ya mawe matatu hapo Ikutha ikijifanya mwenyeji.

Kwa wale ambao hawajawahi kufika pande zetu: Ikutha iko Kitui Kusini, kwenye barabara ya kutoka Kibwezi kwenda Mutomo. Ni joto, ni mchanga mwekundu, ni mibuyu, na mvua inakuja ikijisikia. Na muthokoi ni mahindi makavu yaliyolowanishwa kidogo, yakatwangwa kwenye kinu mpaka ganda la juu likatoka, yakapepetwa, halafu yakapikwa na mbaazi, kunde au maharagwe. Ukiacha ganda, hiyo ni isyo, ile ambayo Nairobi wanaiita githeri.

Kila Desemba tukienda ocha naona watu wa aina mbili. Wa kwanza anaona aibu kula muthokoi mbele ya marafiki wa mjini, anataka chapo na kuku ndio ionekane ni sherehe. Wa pili amegundua "chakula asili" juzi, anapiga picha bakuli na kuandika kwamba hivi ndivyo wahenga walivyokula miaka elfu moja. Mimi naona wote wawili wamekosa hadithi yenyewe, na hiyo hadithi ni tamu kuliko aibu ya mmoja na sifa za mwingine.

Tuanze na ramani ya sahani. Mahindi, maharagwe, nyanya, pilipili, muhogo, viazi vitamu, avokado: vyote asili yake ni Amerika. Vilianza kufika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuzunguka Bahari ya Hindi, yaani kuanzia miaka ya 1500. Ndengu na mbaazi zilianza kulimwa India. Chai ilitoka Uchina na Assam. Sasa nani ni mwenyeji? Kunde ni ya Afrika. Mtama, ambao kwa Kikamba ni muvya, ni wa Afrika. Mawele, yaani mwee, ni ya Afrika. Wimbi pia. Ubuyu ni wetu, na ukwaju ni wetu.

Hapo kwa ukwaju pana kichekesho. Waarabu waliuita tende ya India, na Wazungu wakachukua jina hilo hilo, tamarind. Lakini mti wenyewe ni wa Afrika, unajiotea tu porini Kitui bila kuombwa. Upande mwingine, sisi tuliuita mmea wa Mexico "mahindi", kana kwamba ulitoka kwa Wahindi. Kwa hiyo mwenyeji ana jina la mgeni, na mgeni mmoja amepewa jina la mgeni mwingine. Ukitaka kujua chakula kimetoka wapi, usiamini jina lake.

Mahindi yalifikaje bara? Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa karne ya 19. Misafara yao ilipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Njia za biashara hubeba pia mbegu. Mmisionari Johann Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 akiwa mgeni wa Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri, alikuwa anafuata njia ambayo Wakamba walikuwa wameizoea muda mrefu. Na Walutheri kutoka Ujerumani walipofungua kituo chao Ikutha mwaka 1891, nao walipanda kutoka pwani, walikokuwa wameanza huko Jimba karibu na Rabai. Ikutha tunaiona kama mwisho wa dunia, lakini kwa mtu anayetoka baharini ilikuwa mlango wa kuingilia.

Hata hivyo mahindi ya wakati ule hayakuwa mfalme. Yalikuwa mmea mmoja kati ya mingi. Shamba la kavu lilichanganya mwee, muvya, kunde na mbaazi, kwa sababu ukiishi mahali ambapo mvua haina ahadi, huweki mayai yote kwenye kapu moja. Mwee huvumilia kiu. Muvya ukikosa maji unatulia, mvua ikirudi unaendelea. Mahindi hayana huo uvumilivu. Yakikosa maji wakati yanatoa maua, msimu umeisha, hata kama mvua itakuja wiki mbili baadaye kuomba msamaha.

Sasa swali ni hili: mmea usiopenda ukame ulishindaje kwenye nchi ya ukame?

Sehemu ya jibu iko kwenye neno unalotumia kila siku bila kuliwaza: posho. Maana yake ya zamani ni chakula cha kupimiwa, kile mwajiri anampa mfanyakazi. Ukoloni ulipojenga mashamba ya walowezi, barabara na reli, watu walilipwa pesa kidogo na unga wa mahindi. Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, vikaongeza moto. Waafrika walichukuliwa kwa nguvu kubebea Waingereza mizigo kwenye kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa kuliko risasi. Unga wa mahindi usioiva vizuri uliwaharibu matumbo. Soko la Kariokor hapa Nairobi lilirithi jina la kikosi hicho, na Kariakoo ya Dar vilevile. Ukienda pale kula nyama choma na ugali, kumbuka uko juu ya kumbukumbu ya watu walioagwa wakiwa na mgao wa unga.

Walowezi nao walipanda mahindi meupe kwa sababu ndiyo yaliyotafutwa sokoni. Kinu cha mashine kikafika vijijini, na hapo kina mama wakapata sababu nzuri sana ya kubadilika. Jaribu kutwanga mwee kwa mkono halafu uje tuongee kuhusu "kupoteza utamaduni". Halafu kuna ndege. Mwee na muvya hubeba nafaka wazi juu ya bua, na kwelea wakishuka wanamaliza shamba. Mahindi yana koti lake. Zamani watoto ndio walikuwa walinzi wa ndege, wakishinda shambani na manati. Leo wako shule, na ni vizuri wako shule. Lakini mtu akikuambia wakulima waliacha mtama kwa sababu ya ujinga, mwambie atume watoto wake wakafukuze ndege kuanzia alfajiri.

Miaka ya 1960 watafiti wa Katumani, kule Machakos, walitoa mahindi ya kukomaa haraka, yaliyokusudiwa mvua fupi ya Ukambani. Jina Katumani bado liko midomoni mwa wakulima. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini hata mbegu inayokimbia haiwezi kukimbia msimu usiokuja kabisa.

Na misimu isiyokuja, kwetu ina majina. Hiki ndicho kitu ninachotaka ukishike. Wakamba hawahesabu njaa kwa tarakimu tu, wanazibatiza. Ngomanisye ni ile ya 1897 hadi 1899, iliyofika kila mahali, ikaja pamoja na ndui na baada ya ugonjwa uliokuwa umemaliza ng'ombe. Ndeke ni ya 1961, kwa sababu chakula cha msaada kililetwa na ndege. Atta ni ya 1965, kwa sababu ya unga wa manjano kutoka Marekani. Halafu kuna Nikw'a Ngwete ya 1984, ambalo kwangu ndilo jina zito kuliko yote. Maana yake ni "nakufa nimeshika", yaani nina pesa mkononi na hakuna chakula cha kununua.

Soma hayo majina kwa mpangilio. Mwanzoni njaa inaitwa kwa jinsi ilivyoenea. Baadaye inaitwa kwa gari lililoleta msaada, na kwa aina ya unga wa msaada. Mwisho inaitwa kwa pesa. Ndani ya miaka chini ya 90, mtu wa Ikutha alitoka kwenye kutegemea shamba na ghala lake, akafika kwenye kutegemea duka. Historia nzima ya uchumi wetu imefichwa kwenye majina manne, na waliyoyatunga hawakuhitaji digrii.

Usidhani hiyo ni stori ya ocha pekee. Mei 2017 meli ilitia nanga Mombasa na mahindi meupe kutoka Mexico, serikali ikauza pakiti ya kilo mbili kwa shilingi 90. Mahindi yalikuwa yamerudi kutoka nyumbani kwao kuja kutuokoa. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, tukaambiwa pakiti ni shilingi 100. Wewe uliyekuwa kwenye foleni ya supermarket Umoja au Mlolongo ukikuta rafu tupu, ulikuwa umeshika pesa pia. Ulikuwa unaishi jina la 1984 bila kulijua.

Hata kikombe kina historia yake. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuilima. Alianza kuinywa kabla ya kuruhusiwa kuipanda. Leo mgeni akiingia nyumba yoyote Ikutha, sufuria inawekwa motoni: maji, maziwa, majani, sukari, vyote vinachemka pamoja, na ukikataa umemtukana mwenye nyumba. Kilichosukumwa pembeni ni uji wa wimbi na mwee, ule mchachu kidogo, ambao ulishikilia tumbo mpaka saa nane. Sasa uji huo unarudi mjini kwa pakiti za bei kali, umeandikwa maneno ya afya. Mabuyu nayo, zile pipi nyekundu za kuchafua ulimi, ni nyama ya tunda la mbuyu lililopikwa na sukari na rangi. Tunda linaokotwa hadi Kibwezi na Kitui Kusini, linauzwa rahisi, na linarudi kwetu likiwa ghali.

Kwa hivyo msimamo wangu ni upi? Kwanza, muthokoi ni yetu kabisa, hata kama mahindi si yetu. Mexico walitoa mmea, lakini aliyeamua kuutwanga hivi, kuupepeta hivi na kuuchanganya na mbaazi ni mwanamke wa Ukambani. Na hakuwa anabahatisha. Nafaka ina upungufu wa sehemu fulani ya protini ambayo jamii ya kunde inayo, na kinyume chake. Ukila pamoja, kimoja kinaziba pengo la kingine. Nyama ilikuwa ya nadra, akapata njia. Huo ni ujuzi, na mtu haonei aibu ujuzi.

Pili, tuache kuimba "turudi kwa mababu". Mababu hawakuwa wamesimama mahali pamoja. Walichukua mahindi yalipowafaa, wakachukua ndengu, wakachukua chai. Kosa halikuwa kukaribisha mgeni. Shida ilianza mgeni alipopewa nyumba yote, mpaka tukaanza kusema "hatujakula" kwa sababu tu hakuna ugali, hata kama kuna viazi vitamu na kunde mezani. Kaunti ya Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu iliwahi kupigia debe ndengu kama zao la pesa, na ndengu kweli zinavumilia pande zetu. Lakini ndengu ikiuzwa yote ili kununua unga wa mahindi, bado tuko 1984.

Tatu, hii ni kazi yetu sisi wa mjini kuliko ya mkulima. Hawezi kupanda mwee na muvya wakati sisi tunauita chakula cha kuku. Anapanda kile tunanunua. Ukinunua kikombe kimoja cha unga wa mtama ukachanganye na vikombe viwili vya mahindi, ugali unatoka mweusi kidogo na una ladha ya kitu. Mchezo ni huo tu. Hakuna haja ya kuwa mtu wa mitishamba.

Na ukienda ocha, kabla hujapiga picha bakuli, muulize susu yako alizaliwa karibu na njaa gani, na siku hizo walikula nini. Susu wangu hajui tarehe yake ya kuzaliwa, lakini njaa zake anazijua kwa majina, na ya kila moja anajua walipika nini. Uliza mapema. Wanaoyajua hayo majina wanapungua, na hayajaandikwa kwenye pakiti ya unga.