Njia za Shaba: Kutoka Tepu hadi Programu

Chukua redio ya miaka ya 1970, igeuze bodi yake, utazame upande wa shaba. Njia zimepinda polepole, zinakwepa matundu bila kukata kona kali. Sisi mafundi tukiziona tu tunajua: hizi zililazwa kwa mkono. Zilizolazwa na kompyuta hukunja kwa nyuzi 45, moja baada ya nyingine, bila mzaha.

Zamani, mpangaji wa njia hizo aliinamia meza ya kioo yenye taa chini yake. Juu alitandaza karatasi ya plastiki isiyotanuka ovyo kwa joto, akabandika tepu nyembamba na kuikata kwa kisu. Alifanya hivyo kwa ukubwa mara mbili au mara nne ya bodi halisi. Mchoro huo ukipigwa picha na kupunguzwa, na kasoro za mkono zinapungua. Bodi ya pande mbili ilikuwa na ujanja wake ninaoupenda: tepu nyekundu kwa upande mmoja, buluu kwa mwingine, zote kwenye karatasi ileile, kisha kamera yenye kichujio cha rangi inazitenganisha. Mteja akitaka sehemu moja ihamishwe, basi ni kubandua na kuanza upya.

Mwaka 1961, C. Y. Lee wa Bell Labs, Marekani, alichapisha njia ya kuifanyisha kompyuta kazi hiyo. Gawa bodi viraba. Anzia tundu moja; viraba jirani viandike 1, jirani zao 2, halafu 3, mpaka wimbi hilo la namba ligonge tundu la pili. Kisha rudi ukihesabu kushuka. Kama njia ipo, itapatikana, na hakuna itakayoishinda kwa ufupi. Ila kila kiraba kilidai nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na enzi hizo kumbukumbu ilikuwa ghali. Mwaka 1969 David Hightower akaleta mbinu ya kurusha mistari mirefu badala ya kujaza viraba: nyepesi zaidi, lakini huweza kuikosa njia iliyopo.

Tatizo kubwa lilikuwa kwingine. Lee aliishughulikia njia moja, na bodi ina mamia. Ya kwanza ikijichukulia mkato katikati, zinazofuata zinafungiwa nje. Ndipo programu zikafundishwa kung'oa zilichokwisha kulaza na kujaribu tena. Specctra, ya kampuni ya Cooper & Chyan iliyonunuliwa na Cadence mwaka 1997, iliruhusu njia zipishane kwanza kimakosa, kisha ikapita tena na tena ikiyapunguza makosa hayo. Iliachana pia na viraba, ikapima maumbo yenyewe.

Hata hivyo, wengi wetu tulirudi kwenye mkono, safari hii mkono wenye msaidizi. KiCad, programu ya bure ya kuchorea bodi iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa mwaka 1992, ilipata katika miaka ya 2010 kifaa alichokiandika Tomasz Włostowski wa CERN: unaburuta njia moja, zilizo mbele yake zinasogea zenyewe kuipisha.

Hicho nakitumia. Programu ya kupanga njia zote peke yake siipendi, maana haijui kwamba njia za kristali ziwe fupi, au kwamba mkondo mkubwa wa mota usirudi kupitia ardhi ya kipaza sauti, mpaka uiambie. Na ukimaliza kuiambia yote hayo, nusu ya bodi ungekuwa umeshailaza.