DESTURI ZETU NA HOFU YA MAUTI



Kila mwaka taarifa hii hutaja fedha zilizotolewa kwa mazishi, nazo si haba. Kijana wa Juja asiyejua mambo ya kale aweza kudhani kwamba jeneza, motokaa na hotuba ndefu kaburini vilikuwako tangu enzi za mababu. Sivyo. Kila mwanadamu huogopa mauti, lakini namna ya kuyaogopa hufundishwa na desturi ya watu wake, na desturi hubadilika.

Zamani katika nchi hii ya Wakikuyu, waliozikwa ardhini walikuwa wachache, yaani wazee wenye mali na watoto. Wengine, walipokaribia kufa, walitolewa nje ya boma wakapelekwa porini, wakawashiwa moto kando yao, na mwisho wakaachiwa fisi. Mahali hapo paliitwa kibirira. Jambo hili halikutoka katika ukosefu wa mapenzi. Watu waliogopa thahu, yaani unajisi, ambayo waliamini kuwa humpata agusaye maiti pamoja na jamaa zake, mpaka mganga awatakase. Nyumba ambamo mtu alifia haikukaliwa tena. Basi hawakuhofu marehemu kukosa kaburi. Walihofu kifo kuwarudia walio hai.

Misheni zilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, kama zile za Kambui na Mang'u, wanafunzi wao walianza kubeba maiti na kuchimba makaburi, huku wazee wakingoja thahu iwapate. Hospitali nazo ziliogopwa, kwani nani angekubali kulala katika nyumba waliyofia watu? Kisha ikaja vita ya 1914–1918, ambamo wachukuzi wetu wengi walikufa mbali na kwao, na baada yake homa kuu ya 1918. Lakini wale vijana waliochimba makaburi waliishi, wakaoa, wakazaa. Watu waliona, na hofu ya zamani ikapungua.

Mfano ulio wazi ni wa Mzee Jomo Kenyatta, aliyezaliwa upande wa Gatundu, jirani zetu, katika miaka ya 1890, desturi hiyo ingali na nguvu. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, na tarehe 31 akazikwa Nairobi, karibu na Bunge, katika kaburi lililojengwa kwa fahari. Muda wa maisha ya mtu mmoja ulitosha kugeuza jambo hili. Hata neno kibirira leo humaanisha makaburi.

Wenzetu Wajaluo, ambao tunafanya nao kazi hapa, wana hofu nyingine: kuzikwa mbali na nyumbani kwa baba zao. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi, na ukoo ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti ilingoja miezi mitano, hata Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki mwezi Mei 1987. Jambo ambalo kwa watu hawa ni heshima, kwa wale lilikuwa uchungu.

Nasi leo je? Hatuogopi tena kugusa maiti, bali twaogopa aibu ya mazishi ya kimaskini, hata wengine huuza ng'ombe na kukopa. Tena twaogopa kutaja kifo chetu wenyewe. Mimi niandikaye daftari la chama naona nafasi ya jina la mrithi ikiachwa tupu mara nyingi. Nikiuliza, hujibiwa, "Karani, wanitakia mabaya?" Sheria ya Urithi iliyotungwa 1972, ikaanza kutumika 1981, yamruhusu kila mtu mzima mwenye akili timamu kuandika wasia. Lakini wengi hudhani kuuandika ni kujiitia mauti. Hiyo ni thahu iliyobadili jina tu, na wanaoumia ni wajane na yatima, wanaobaki wakigombania shamba na ndugu wa marehemu.

Vijana wa misheni walishika jembe wala hawakufa. Basi nasi tushike kalamu. Daftari li wazi, na jina moja latosha.