Mlangoni Hakuhubiri

Baba alikuwa mwinjilisti wa vitabu wa Kisabato, yaani muuza vitabu wa nyumba kwa nyumba, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa kutohubiri mlangoni. Alifungua kitabu penye picha, akamkabidhi mwenye nyumba, akanyamaza.

Kazi hiyo ina asili ya ajabu kidogo. George King, Mkanada aliyekuwa Marekani, alitamani kuwa mhubiri wa Kisabato, lakini wakubwa wake walimsikiliza wakaona mimbari haimfai. Wakamshauri apite nyumba kwa nyumba na machapisho. Vijitabu vya senti chache havimlishi mchuuzi, kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliwabembeleza wachapaji wa Battle Creek, Michigan, waunganishe maelezo ya mwandishi Uriah Smith juu ya vitabu vya Biblia vya Danieli na Ufunuo yawe kitabu kimoja kinene chenye picha. Kikauzika.

Kwetu Upare, Wasabato wa kwanza, Wajerumani, walifika Giti mwaka 1903. Upande wa Kenya, kiwanda cha uchapaji cha Wasabato kilianza Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1913. Shule za misheni ndizo zilizozalisha wateja. Pasipo wasomaji, muuza vitabu ni mpagazi tu.

Baba hakuwa na mshahara, aliishi kwa kamisheni, basi ratiba yake ilifuata fedha za watu. Mwisho wa mwezi ungemkuta kwenye mashamba ya mkonge na nyumba za walimu. Msimu wa kahawa alipanda milimani. Safari ya kwanza ilikuwa ya oda: alibeba nakala za kuonyesha, akaandika majina, akapokea kianzio. Ya pili, ya kupeleka mzigo, ndiyo iliyomkosesha usingizi. Mtu aliyeagiza wiki ya mshahara huweza kabisa kulikana jina lake mfuko ukishakauka.

Vitabu vya afya vilimwokoa. Mwislamu wa Same asiyetaka habari za Sabato alinunua cha magonjwa ya watoto bila kusita, na baba hakumsukuma zaidi. Stendi aliketi mkeka mmoja na muuza Yasini na vitabu vya Maulidi. Walilindiana bidhaa miaka mingi, na sidhani kama yupo aliyemsilimisha mwenzake wala aliyembatiza.

Trakti za bure alizigawa pia, ila kwa shingo upande, kwani alizikuta sokoni zikifungia karanga. Kitabu alikuwa radhi kukikopesha kuliko kukitoa bure, ndiyo maana daftari lake la madeni lilikuwa nene kuliko chochote alichouza.